Jibu la Mbah Karso

Rumiyati aliambiwa alisome swali la kumi na tisa kwa sauti ile ile aliyosomea swali la kwanza. Swali la kwanza lilikuwa jina na umri. La kumi na tisa lilikuwa hili: "Katika mwezi huu uliopita, umewahi kuwaza kujiua?"

"Usishushe sauti ukifika hapo," mwalimu kutoka chuo kikuu aliwaonya wanawake sita waliokaa ukumbini mwa kitongoji, kila mmoja na ubao wa kuandikia magotini. "Usimtolee mtu macho ya huruma. Na usianze na samahani. Ukianza na samahani umeshamwambia kwamba swali lako ni la aibu, naye atakupa jibu la aibu."

"Jibu la aibu ndilo lipi?" Rumiyati aliuliza.

"Ni 'hapana'," mwalimu akajibu.

Wanawake wakacheka kidogo, kisha kila mmoja akainamia karatasi zake.

Hakuna kati yao aliyehitaji kuelezwa kwa nini utafiti ule umeletwa Karangwetan. Katika vilima vile vya chokaa kusini mwa jiji la Jogja, kisiwani Java, karibu kila ukame ulikuwa na jeneza lake la namna hiyo, na mara nyingi aliyelazwa ndani alikuwa mzee. Watu walisema ni pulung, kile kimwanga chenye mkia kinachoshuka juu ya paa. Nyumba kiliyoiangukia, mtu wake ameshaitwa na hakuna wa kumzuia. Chuo kikuu kilitaka kujua mambo mengine: maumivu yasiyopona, kufiwa na mwenza, kukosa usingizi, kujiona mzigo. Yote yalipangwa kwa nambari katika dodoso la kurasa saba, kwa Kiindonesia safi cha ofisini.

Rumiyati alikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji kwa miaka kumi. Alipima watoto uzito, alijua mjamzito yupi hapendi vidonge. Alidhani anawajua watu wake.

*

Alipangiwa kutembea na Dinar, msichana wa mjini aliyekuwa anamalizia masomo yake, mwenye viatu vyeupe ambavyo kufikia siku ya pili vilikuwa vimeshika rangi ya udongo. Nyumba arobaini zilichaguliwa kwa kura. Walipokezana kusoma maswali, na Rumiyati akawatuliza wenye nyumba, akawafukuza kuku, akanywa chai ya kila aliyewakaribisha.

Bi Tuminah, mjane aliyekaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachuka, kibarazani kwake, hakuwangoja wafike.

"Ndio nyinyi mnaotuhesabu tunaotaka kufa?" alipaza sauti, kijiko cha kukaangia mkononi. "Niandikeni mimi! Mafuta ya kupikia yakipanda tena, siwaulizi."

"Kura haikukuangukia, Bi Tuminah. Tunapita tu."

"Loo! Hata kura inaniruka." Akageuza tempe, mafuta yakachachatika. "Na mkwe wako je, Rum? Huyo kura imemwona?"

Ilikuwa imemwona. Jina la nyumba ya Rumiyati lilikuwa la ishirini na sita kwenye orodha, na ndani ya nyumba hiyo kura ilimchagua Mbah Karso, baba wa mumewe, mzee wa miaka sabini na minne. Sheria ilisema mdodosaji hawezi kumhoji mtu wa nyumbani mwake, wala kukaa mahali anapoweza kusikia. Kwa hiyo siku ya tano asubuhi Rumiyati alimkaribisha Dinar barazani kwake kama mgeni, akamwekea mzee mto mgongoni, akaenda jikoni kuchekecha unga wa muhogo.

Jikoni na barazani palitenganishwa na ukuta wa mianzi iliyofumwa. Alitia bidii asisikie, akasikia.

"Katika wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi?"

"Hapana, Bu."

"Umejiona huna thamani, au umekuwa mzigo kwa familia?"

"Hapana, Bu."

Mzee alimwita "Bu", yaani mama, msichana wa miaka ishirini na mbili, kama anavyomwita mwanamke mwenye cheo ofisini. Sauti yake ilikuwa imenyooka, ya mtu aliyesimama mbele ya meza ya mkubwa. Rumiyati alishika chekeche bila kulitikisa mpaka swali la kumi na tisa likasomwa, kwa sauti ile ile ya swali la kwanza, vizuri kabisa, na mzee akajibu, "Hapana, Bu," kisha akaongeza kwa furaha, "Sisi hapa tuko salama wote."

Mahojiano yalichukua dakika kumi na nane.

"Mzee wako ana moyo mwepesi kweli," Dinar alisema huku akifunga begi lake. "Laiti wote wangekuwa hivi."

Rumiyati alishusha pumzi. Aliona fahari, na hakuona sababu ya kuificha.

*

Fahari hiyo haikufika jioni. Alipopita kwa Bi Tuminah kununua tempe, mama yule alimfungia vipande sita kwenye jani la msaji, kisha akasema, bila mzaha safari hii, "Mumeo Parno amegombana na baba yake?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Mzee amempa Wito seremala njiwa wake. Na tundu lake, na kitambaa cha kulifunikia. Wito alitaka kulipa, mzee akakataa."

Rumiyati alisimama na tempe yake mkononi. Njiwa yule aliimba kila alfajiri. Mbah Karso alimlisha mtama mweusi kutoka kiganjani, na aliwahi kumkatalia mkuu wa kata aliyetaka kumnunua. Asubuhi ile tundu halikuwepo kibarazani. Alikuwa amepita hapo mara nne bila kuona kwamba halipo.

Ukurasa wa mwisho wa mafunzo ulikuwa na orodha fupi. Mtu anayegawa vitu anavyovipenda ilikuwa ya pili.

Njia nzima alikumbuka mambo ambayo hakuyaweka pamoja. Mzee alikuwa amelipia michango yake ya chama cha mazishi mpaka mwaka ujao. Alikuwa ameziba nyufa za paa mwenyewe, na magoti yale. Alikuwa anakula nusu sahani na kusema ameshiba. Halafu kulikuwa na ile Jumatatu.

Tangu mwaka uliopita mkojo ulikuwa umemshinda mzee. Ulimchelewa akiutaka, ukamjia akiwa amelala. Mikeka ilifuliwa kila siku, na ilikuwa mwezi wa tano bila mvua. Tangi la nyumba lilijazwa na boza, na ili boza lije walikuwa wamemuuza ng'ombe wa mzee, wa mwisho zizini. Jumatatu ile Rumiyati alirudi kutoka shambani akaukuta mkeka wa tatu. Alisema maneno yale akiwa ameinama kwenye beseni, hakumwelekea mtu: "Maji yote ya boza yanaishia kwenye mikeka!" Alipoinua kichwa, mzee alikuwa amesimama mlangoni ameshikilia ukuta.

Tangu siku hiyo mzee alianza kufua mwenyewe, kwa siri, kwa kikopo kimoja cha maji.

*

Mumewe, Suparno, alikuwa mkata mawe kwenye machimbo ya chokaa. Alirudi mweupe kuanzia nywele hadi kope, akanawa, akala, ndipo Rumiyati akamwambia habari ya njiwa.

"Ni njiwa wake," Suparno alisema. "Kachoka naye."

"Baba Galih, hebu niangalie. Watu wakigawa vitu—"

"Umesoma makaratasi ya chuo mpaka yamekupanda kichwani."

"Naogopa anataka kujitoa roho."

Suparno aliweka sahani chini. Mtoto wao, Galih, alikuwa shule ya ufundi mjini, mzee alikuwa ameshajilaza chumbani kwake, lakini Suparno aliangalia huku na huku kama mtu aliyesikia chupa ikivunjika.

"Neno hilo usilitamke ndani ya nyumba hii. Ukilitamka unaliita. Si ameulizwa? Si amejibu hapana, mbele ya mtu wa chuo kikuu? Unataka nini tena? Unataka kesho kitongoji kizima kije kutazama paa letu, kila mtu aseme aliona kimwanga?"

"Nataka aulizwe tena."

"Na nani?"

Sheria ya utafiti ilisema si yeye. Sheria ya nyumba nayo ilisema hivyo hivyo.

*

Kesho yake mchana hakwenda na Dinar. Alituma salamu kwamba anaumwa. Akaketi barazani na kikapu cha mihogo, na Mbah Karso, ambaye hakuweza kuona mtu anafanya kazi peke yake, akachukua kisu cha pili na kuanza kumenya. Maganda yalianguka kati yao. Jua lilikuwa kali juu ya mashamba yaliyokauka, na mawe meupe yalichomoza udongoni.

Kijawa, lugha yao ya nyumbani, ni ngazi. Kwa mtoto unasimama chini. Kwa mkwe unapanda juu kabisa, na kila neno, hata la kula, hata la kulala, lina mwenzake wa heshima. Kwa miaka kumi na tisa Rumiyati hakuwahi kumtamkia baba mkwe wake neno la chini. Tangu alfajiri alikuwa akitafuta namna ya kuuliza. La kufariki lilikuwepo huko juu, na la kurejea kwa Mola. La mtu kujiua lilikuwa moja tu, la chini, la jikoni, analotupiwa mtoto mtukutu anayecheza kwenye ukingo wa kisima.

Akapiga moyo konde.

"Mbah," alisema, kisha akaruka ngazi zote kwa mara moja. "Wewe unataka kujiua?"

Kisu cha mzee kilisimama.

"Umesemaje?"

"Nakuuliza kama unataka kujiua."

"Na lugha hiyo unasema na nani? Na mbuzi?"

"Na wewe. Ile nyingine nimeitafuta, haina neno."

Mbah Karso alimtazama. Rumiyati alihisi masikio yakimuwaka, akajizuia kuomba radhi. Aliweka kisu chini asije akajikata. Mzee yeye aliendelea kumenya. Akamaliza muhogo mmoja, akauweka kwenye maji, akachukua mwingine asiumenye.

"Yule binti aliniuliza Kiindonesia," alisema. "Kiindonesia nilifundishwa na wakubwa na askari. Wakikuuliza kitu, unajibu hapana, unarudi nyumbani salama."

"Mimi si askari."

"Wewe, hapana." Akageuza muhogo mkononi. "Tangu alipouzwa ng'ombe."

Mafunzo yalisema ukipata jibu, nyamaza.

"Si kwamba namlilia ng'ombe. Ng'ombe ni wa kuuzwa. Lakini lile boza lilipomimina maji, nilihesabu. Madumu ya kupikia, madumu ya kunywa, madumu ya mikeka yangu. Nilipomaliza hesabu nikaona." Alitoa kicheko kidogo kisicho na pumzi. "Ng'ombe mzima, mwanangu. Ng'ombe mzima nimemkojoa mimi."

"Mbah, siku ile niliyosema—"

"Ulisema kweli."

"Nilisema kwa uchovu."

"Kweli ya uchovu nayo ni kweli. Sikukasirika. Nilisema tu moyoni, sasa amejua mwenyewe, sina haja ya kumwambia."

Rumiyati alilia, na hapo hakuwa mdodosaji tena wala mhudumu wa afya. Alimshika mzee mkono wenye utomvu wa muhogo, jambo ambalo pia halikuwahi kufanyika katika miaka kumi na tisa. Alimwambia kwa lugha ile ile ya jikoni kwamba mkeka ni mkeka, na yeye si mkeka. Alimwambia kwamba akiondoka hivyo, kila tone la maji litakalobaki kwenye tangi hatalinywa bila kumwona humo. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto anayegombezwa.

"Umeshachagua siku?" Rumiyati akamuuliza. Lilikuwa swali la ishirini na moja.

"Wage ijayo. Siku aliyofariki mama yenu."

Katika wiki ya Kijawa ya siku tano, Wage ilikuwa imebakiza siku nne.

Mbah Karso aliingiza mkono kiunoni, kwenye pindo la saruni, akatoa ufunguo wa zizi. Zizi lilikuwa limefungwa tangu ng'ombe auzwe, na Rumiyati hakuwahi kujiuliza nani hufunga zizi tupu.

"Usiingie wewe," mzee alisema. "Mwambie Parno akatoe kilichomo."

*

Suparno aliporudi alimkuta mkewe na baba yake wameketi mkeka mmoja, chai imepoa. Rumiyati alimpa ufunguo na kumweleza mbele ya mzee mwenyewe, bila kunong'ona. Suparno hakubisha. Alitembea hadi zizini, akakaa huko kwa muda, akatoka na gunia alilolikunja kwapani, akaenda nalo bondeni. Aliporudi alinawa mikono kwa maji mengi, dumu zima, na hakuna aliyemkataza.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ungesema nini?"

Suparno alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli, hata kama ni mzito.

"Ningekwambia usiseme hivyo."

"Basi."

Usiku huo, na nyingi zilizofuata, Suparno alitandika mkeka wake mlangoni pa chumba cha baba yake. Alikoroma vibaya, na mzee alilalamika, na kulalamika kwake kulimfurahisha Rumiyati.

Asubuhi walikwenda kituo cha afya watatu juu ya pikipiki moja, mzee katikati, ameshikwa mbele na nyuma. Dirishani muuguzi aliuliza tatizo. Rumiyati alisogeza mdomo karibu na kioo akasema kwa sauti ya chini.

"Kujiua?" muuguzi alirudia, kalamu hewani, na benchi zima likageuka. "Mbah una miaka sabini na minne! Si ungoje kidogo tu, itakuja yenyewe!"

Watu wawili watatu walicheka. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Suparno alishika ukingo wa dirisha kwa vidole vyake vya mkata mawe, na Rumiyati aliona kwamba asiposema yeye, mumewe atang'oa dirisha.

"Andika, dada," alisema. "Usituchekeshe. Andika kama nilivyosema."

Muuguzi aliandika. Shingo yake ilikuwa imegeuka nyekundu, na kadi alipoitoa alimpa mzee kwa mikono miwili.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimsikiliza mzee kwa muda mrefu kuliko walivyotegemea, na aliuliza mambo ya mkojo kabla ya mambo ya moyo. Alisema kuna tezi iliyovimba ndani, wazee wengi wanaume wanayo, ina dawa, na kama dawa itashindwa kuna upasuaji.

"Ina dawa?" Mbah Karso aliuliza mara mbili.

"Ina dawa, Mbah."

"Mwaka mzima ilikuwa na dawa?"

Daktari alisema ndiyo. Mzee aliangalia sakafu. Suparno alitoka nje, akajidai anaangalia tairi la pikipiki.

Walipewa pia siku ya kuonana na mshauri wa magonjwa ya akili, aliyefika kituoni hapo kila Alhamisi, na vidonge vya asubuhi ambavyo vingechukua wiki kadhaa kufanya kazi. Siku ya Wage ilipofika, Suparno hakwenda machimboni. Walisoma dua ya marehemu mama, wakala wali na kuku, na tangu jua lilipochomoza hadi lilipotua mzee hakuachwa peke yake, hata chooni alisindikizwa. "Mnanichunga kama bata," alisema. Alikula sahani nzima. Baada ya hapo zilikuja siku nzuri na siku mbaya. Kuna asubuhi aliugeukia ukuta na kukataa kuongea. Kwa jirani kulisikika njiwa akiimba, na alipoulizwa kama njiwa arudishwe, alisema aliyepewa amepewa.

*

"Mwite yule binti," alisema siku moja. "Nilimdanganya. Arekebishe."

Dinar alikuja, akakaa pale pale alipokaa mara ya kwanza. Rumiyati alipomweleza, msichana alifunika mdomo kwa kiganja.

"Dakika kumi na nane," alisema. "Niliandika pembeni, *mchangamfu*. Bu Rum, niliandika mchangamfu."

"Futa," mzee akamwambia kwa Kijawa. "Andika ndiyo."

"Siwezi, Mbah. Fomu zimeshafungwa na kupelekwa."

"Lakini ni uongo."

"Najua." Dinar alitafuta maneno. "Nikirekebisha moja kwa sababu nimesikia, na zile ambazo sikusikia je? Utafiti unachukua kila mtu alivyosema siku ile. Ndiyo sheria."

Mbah Karso alitafakari, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo kwenye karatasi mimi ni mzima."

"Kwenye karatasi, ndiyo."

"Hebu angalia. Na dawa nakunywa."

Dinar alicheka huku machozi yakimtoka. Alipoondoka aliinama akaubusu mkono wa mzee, na barabarani alimwambia Rumiyati kwamba kuanzia sasa atawaambia wakubwa wake maswali yaandikwe kwa lugha watu wanayotumia kulilia. Rumiyati hakujua kama watamsikiliza.

*

Mvua zilikuwa zimeanza chuo kikuu kilipokuja kusoma matokeo. Ukumbi ulijaa, watu na miavuli yao inayochuruzika. Dinar alisimama mbele, karatasi mkononi. Kati ya watu arobaini waliohojiwa Karangwetan, alisoma, watatu walisema waliwahi kuwaza kujiua katika mwezi uliopita. Hakutaja majina, na sauti yake ilikwaruza kidogo kwenye ile namba.

Mwenyekiti wa kitongoji, Pak Sugiman, mtu mnene mwenye shati la sare lililopigwa pasi, alisimama kabla Dinar hajamaliza.

"Watatu tu!" alisema. "Mnasikia ndugu zangu? Magazeti yanatuchafua kila mwaka, kumbe watatu. Hata mjini hamkosi watatu kwenye mtaa mmoja."

Watu walipiga makofi. Rumiyati alihisi kitu kikisogea pembeni yake. Mbah Karso alikuwa anajiinua, mkono mmoja begani mwa Suparno.

"Wanne," alisema.

Makofi yalipukutika.

"Mbah?" Mwenyekiti alitabasamu.

"Si watatu. Wanne. Wa nne ni mimi."

Mvua ilisikika juu ya vigae. Mtu alikohoa. Bi Tuminah, aliyekuwa anagawa chai, alisimama na birika limeinama mpaka chai ikamwagika sakafuni.

"Mama Galih," mwenyekiti alisema haraka, "mzee amechoka. Mrudishe nyumbani akapumzike."

"Sijachoka. Huyu binti aliniuliza vizuri, nikamjibu vizuri. Mkwe wangu aliniuliza vibaya, kwa lugha ya jikoni, ndipo nikasema kweli. Nimemaliza."

Akaketi. Pak Sugiman alifuta paji la uso, akasema asante kwa chuo kikuu, tuje sasa kwenye suala la mtaro wa barabara. Mtaro ukajadiliwa hadi mwisho. Hakuna aliyemgeukia mzee, na walipotoka watu waliwapisha njia kwa upana usio wa kawaida. Suparno alitembea kando ameshika mwavuli juu ya baba yake, yeye mwenyewe akiloa. Walipofika mlangoni alisema, "Umefanya vizuri, Baba," kwa lugha ya juu kabisa.

Kesho yake saa nne asubuhi Pak Sugiman alifika. Rumiyati alimwona tangu kwenye kona, anakuja kwa miguu, hana sare, shati la kawaida limemkaa vibaya. Akajua amekuja kumwachisha kazi yake ya uhudumu, akakausha mikono kwenye kanga tayari kumsikiliza.

"Karibu, Pak. Kama ni habari ya jana—"

"Sikuja kwako, Mama Galih," alisema bila kumtazama. "Nimekuja kwa Mbah."

Alivua viatu, akaketi barazani karibu na mzee. Hakusalimu vizuri. Aliweka mikono magotini, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Rumiyati aliwaletea chai. Mwenyekiti hakuigusa. "Mbah, wale wanne wa jana," alianza, akaishia hapo.

Mbah Karso alimtazama usoni.

"Rum," alisema. "Nenda ukachote maji."

"Tangi limejaa, Mbah. Mvua ya jana imelifurisha."

"Kachote."

Rumiyati alichukua madumu mawili matupu. Alishika njia ya kisima cha bondeni, ile ndefu, inayozunguka misaji, na hakugeuka nyuma.